Miduara ya Chaki

Mama Mapazia, fundi cherehani, alifika katika klabu ya ndege zisizo na injini kwa ajili ya kushona upya viti vilivyochanika. Alipomaliza, rubani mmoja akampandisha angani kama shukrani, na tangu siku hiyo moyo wake ukawa haushuki vizuri. Alijifunza, akapata leseni, akawa anaazima ndege za wenzake. Sasa alitaka kitu kimoja tu: kuruka na ya kwake kabla msimu haujafungwa.

Ya kwake ikapatikana. Ilikuwa ya mbao, ya viti viwili, kongwe na mgonjwa. Mwenyewe, mpimaji ardhi mstaafu, hakuficha kitu. Pale klabuni anayeuza huzungushia chaki kila mahali penye kasoro, na chaki haifutwi mpaka pametengenezwa. Mpimaji alichora miduara mitatu kwenye mabawa.

"Ndani hapa gundi imechoka," alisema. "Na hapa, na hapa. Usije ukaruka nayo hivi hivi, dada."

"Nimenunua ndege, kaka. Sijanunua jeneza."

Mabawa yakafunguliwa, yakalazwa kwenye ghala la unga nyuma ya nyumba. Mumewe alikuwa mwokaji mikate, mtu wa hofu za kimyakimya. Kuhusu mambo ya kuruka alikuwa na neno moja tu: "Kwani huku chini kuna shida gani?"

Siku iliyofuata Mama Mapazia alirudi kutoka kupima madirisha ya watu, akakuta mabawa yanang'aa.

"Nimekuogeshea," mumewe alisema, ndoo mkononi, uso umemjaa fahari. "Mbao nzuri hivi, mtu kazichorachora kama ukuta wa shule!"

Mama Mapazia aliketi juu ya gunia. "Baba watoto," alisema taratibu, "umefuta magonjwa yake."

Mpimaji alipopigiwa simu alicheka mpaka akakohoa. Miduara miwili aliikumbuka. Wa tatu ulikuwa bawa la kulia, au la kushoto? "Gonga kote, dada. Penye afya panaitika, penye ugonjwa pananung'unika."

Akagonga. Masikio yake, yaliyozoea cherehani, yalisikia mlio uleule kila mahali. Mumewe alimtazama kutoka mlangoni, kisha akajifuta unga mikononi.

"Hebu sogea."

Kila alfajiri mtu huyu hugeuza mkate, akagonga kitako chake, akajua kama umeiva ndani. Alianzia kwenye ncha ya bawa, kichwa kimeinama. "Sawa. Sawa. Sawa… Hapa!" Mkewe akachora. Wakaupata wa pili, na wa tatu, bawa la kushoto.

"Basi, imetimia mitatu," alisema mkewe. "Twende tukale."

"Mimi sigongi mikate mitatu nikauza tanuri zima," alisema mumewe, akaendelea. Karibu na shina la bawa alisimama, akagonga tena. "Huu mbichi."

Mama Mapazia alikata ngozi ya plaiwudi kwa kisu chake. Gundi ya ndani ilimwagika vidoleni kama chenga za biskuti. Mpimaji alipoambiwa, safari hii hakucheka. "Na mimi nimeruka nayo hivyo miaka yote," alisema, sauti imepungua.

Boriti ya bawa ilibidi ifunguliwe yote, na msimu ukafungwa mabawa yangali juu ya meza. Ilimuuma kuona wenzake wakielea juu ya mji. Lakini kwa miaka mingi yeye na mumewe walikuwa wakipishana mlangoni, mmoja akiamka, mwingine akilala. Sasa jioni walikutana kwenye bawa moja, huyu akibana, yule akipaka gundi, wakibishana kuhusu kitu chenye faida. Aligundua kwamba hakuwa na haraka tena.

Msimu uliofuata mkaguzi alikagua, akagonga, akatia sahihi. Mama Mapazia alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mbele aliposikia kiti cha nyuma kikilia. Mumewe alikuwa ameingia, shati limepigwa pasi, mkanda kaufunga shaghalabaghala.

"Wewe? Kwani huku chini kuna shida gani?"

Mwokaji aligonga ubavu wa ndege, akasikiliza, akaridhika.

"Huko juu atakugongea nani?" alisema, akafumba macho kabla hata kamba ya kuivuta ndege haijakazwa.