Uji wa Jukwaani

Tangu mto Nyando uvunje kingo zake na kuwafukuza watu makwao, Mama Aoko hakutia kitu kinywani ila maji. Kambi yao ilikuwa shule moja karibu na Ahero, na uji wa wote ulipikwa katika pipa. "Uji wa pipa hauna mwenyewe," alisema bikizee huyo, kisha akalisukuma kopo lake kando. Dorca, mke wa mwanawe, alimbembeleza kama mtoto. Wapi!

Ndipo walipokuja walimu kutoka Kisumu na mchezo wa kufundisha watu kuchemsha maji. Walishusha ubavu wa lori, likawa jukwaa. Juu yake waliweka mafiga, chungu, ufagio na mkeka, basi. Wangui, binti wa Mkikuyu mwenye duka mjini Kisumu, ndiye aliyeigiza mke wa nyumba. Akafagia, akafukuza kuku wasiokuwepo, akamwamsha mume mvivu.

Watu walicheka, halafu kicheko kikakatika chenyewe. Dorca alikuwa akiutazama ule ufagio. Kabla ya mafuriko, kila asubuhi alifagia hivyo hivyo huku akinung'unika, mama mkwe akimkosoa kutoka mlangoni. Nani angemwambia kwamba raha yenyewe ndiyo ile?

Wangui akageuka kumgombeza mumewe, akakipa chungu kisogo.

"We msichana! Uji unafurika!"

Alikuwa Mama Aoko, amesimama wima. "Nani alikuoa, usiyejua kukoroga?"

"Msamehe, Mama," mtu akadakia, "kwao Wakikuyu wanajua githeri tu, mahindi na maharagwe!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Bikizee akapandishwa jukwaani, akatwaa mwiko, akakoroga chungu kikavu. "Nyar Bondo!" akamwita Dorca, yaani binti wa Bondo, kwao alikotoka, kama alivyomwita siku zote. "Lete vibuyu, watoto waende shule."

Dorca akawaza: Sasa atakula! Alikimbia kwenye pipa, akarudi na kopo la uji wa moto, akaumimina katika kile chungu. "Mama, umeiva."

Mama Aoko akainama, akanusa. "Huu si wangu," alisema, akauweka mwiko chini.

Dereva akapiga honi. Mwalimu Mureithi, kiongozi wa wachezaji, akasogea kwa haya. "Samahani, Mama. Tunahitaji vyombo."

"Mwachieni chungu tu, Mwalimu," Dorca aliomba. "Tafadhali."

"Si changu, dada. Kesho tunaigiza Port Victoria."

Kabla Dorca hajasema tena, bikizee mwenyewe alikwisha kukiinua. "Wape. Watoto wa watu wana safari."

Ule uji ukarudishwa katika kopo, lori likaondoka. Mama Aoko aliketi pale pale uwanjani, mikono mapajani.

"Funda moja tu, Mama."

Bikizee akageuza uso. Dorca alilishika kopo mpaka uji ukaanza kupoa. Mwishowe akampa mama mkwe mgongo, akaunywa wote mwenyewe, kwa kuwa njaa haina haya.