Siku Phanuel Alipomfukiza Mama Mkwe

Nimewahi kuona mtu akikaribia kufa kwa moshi ndani ya nyumba yake, na mlango uko wazi kabisa.

Hakufungiwa. Hakuwa mlevi.

Mama mkwe wake alikuwa amekaa njiani.

Wacha nianze vizuri. Mimi ni Jeconia, mtu wa kuhamahama. Nairobi hii nimelala karibu kila upande, lakini Julai hiyo ya miaka ya tisini nilikuwa nimepanga Gatwekera, Kibera, mlango wa pili kutoka mwisho. Mlango wa mwisho kabisa alikaa Phanuel, fundi wa mawe, na mkewe Nelima.

Baridi usiulize. Ukungu ulikuwa unalalia mabati hadi mchana, na moshi wote wa mtaa, ukikosa pa kwenda, unarudi chini kututembelea. Nelima akashikwa na kikohozi. Habari zikafika kwao magharibi.

Mama yake, Nasipwondi, akatuma neno: "Nakuja kujionea. Kama mtoto wangu anaishi ndani ya moshi, narudi naye."

Phanuel akaacha kula. Bila Nelima, yule jamaa hata kofia yake hakujua iko wapi.

Sasa, Phanuel kazi yake ilikuwa kuwajengea madosi, matajiri wa Lavington, meko ya ukutani, yale ya kuota moto ukisoma gazeti. Akaniambia, "Jeconia, mama akisikia kuna meko kama yale kwa nyumba, atasema nini tena?"

"Manze Phanuel, nyumba yako ukinyoosha miguu inatoka nje."

"Moto hauna miguu."

Akayajenga. Bomba la moshi akatengenezewa Kawangware, pale kituo cha 46, madebe ya mafuta yameunganishwa moja juu ya jingine. Tulilibeba begani hadi Kibera. Watu walitupisha wakidhani ni bazuka.

Siku ikafika. Mama Nasipwondi akaja jioni.

Kwao, mama mkwe na mkwe hawasogeleani. Hawapeani mkono, hawapitani mahali pembamba, na chumba cha mkwe haingii. Kwa hivyo Nelima akamkalisha kwangu, kisha akaenda kuteka maji. Phanuel akajificha kwake, akawasha meko. Alitaka mama asikie joto kupitia ukutani.

Alichowasha ni mabaki ya mbao za mjengo. Mbichi, tena zimepakwa rangi.

Nje, takataka za mtaroni nazo zilikuwa zinaungua tangu asubuhi. Hewa imesimama tu. Moshi wa Phanuel ukapanda bombani, ukakuta wenzake wamejaa huko juu, ukageuka. Na kuta zetu zilikuwa hazifiki mabatini. Ukamwagika kwangu, moja kwa moja kichwani pa mama mkwe.

"Uwi! Jeconia, mnanifukiza kama mzinga wa nyuki?"

Akatoka akikohoa, akaketi chini katikati ya kichochoro, macho yanamwaga machozi. Kichochoro chenyewe ni cha kupita mtu mmoja, na upande wa Phanuel kimezibwa na ukuta. Kutoka, lazima ampite.

"Phanuel, toka!" nikapiga kelele.

"Mama ameondoka?"

"Amekaa hapa!"

"Basi siwezi!"

"Utakufa, buda!"

"Wacha nife na adabu zangu!"

Akamwagia moto maji. Moshi ukaongezeka.

"Mama, sogea kidogo tu," nikamsihi.

"Nisogee wapi na sioni? Na usiniguse!"

Kule ndani kikohozi kikaanza kuwa kidogo kidogo. Hapo nikaogopa kweli.

Adero, jirani yetu muuza samaki, akatoa kichwa mlangoni. "Nyinyi ni wazimu? Wafunike wote wawili! Nani atamwona mwenzake?"

Nikaona hiyo ni akili. Nikamrushia mama leso, akajifunika hadi kiunoni. Phanuel nikamwambia ajifunike atoke akipapasa ukuta. Akatoka amevaa karai la simiti, limemshika hadi puani.

Na mama naye ndipo akaamua kusimama.

Wakagongana. Karai likalia ngo! Wakashikana wasianguke, wakaanguka, wakabingirika hadi ukingoni mwa mtaro wamekumbatiana.



Nelima akatokea na mtungi kichwani. "Mayi? Mama, na huyo chini yako ni nani?"

"Ni karai," Adero akajibu.

Mama akaondoa leso usoni. Hakumtazama Phanuel. Alitazama mtaro unaofuka. "Nani amechoma uchafu siku kama hii?"

"Ni mimi," Adero akasema. "Lakini usinikodolee macho, mama. Phanuel ndiye alituomba. Alisema mama mkwe anakuja, asikute takataka."

Phanuel akalivuta karai hadi kidevuni.

Nasipwondi akajipangusa tope polepole. "Nilikuja kumchukua Nelima. Lakini mwanamume anayekubali kukauka kama samaki wa Adero kuliko kunipita mlangoni, heshima anayo. Akili ndiyo hana. Nelima, baki umfundishe." Akanyoosha kidole juu. "Hilo bomba ng'oeni. Naenda nalo."

Akaenda nalo kweli, juu ya keria ya basi. Nasikia kuku wake walitaga humo miaka mingi.

Sasa wewe unayesoma hii na una meko yako ya kidosi: kabla hujawasha, toka nje utazame moshi wa jirani unaelekea wapi. Ukipanda, washa, na kuni ziwe kavu. Ukilala chini, vaa sweta mbili uwache moto. Jiko la makaa usijifungie nalo ndani.

Na kama mama mkwe amekaa mlangoni, mpite tu. Yeye atakusamehe.