Jani la Isale Nililompa Mume Wangu

Usiniulize kama nilikuwa shujaa. Nilikuwa nimebanwa tu, kama kidole kwenye mlango.

Mwaka ule bwana shamba wa Kiingereza alitoa amri: migomba yote iliyo katikati ya kahawa ikatwe. Ati inanyonya kahawa. Basi tule kahawa? Na wakwe zangu walikuwa wamezikwa palepale, chini ya migomba ile! Wanawake wa upande wetu wa Masama tukakubaliana: hatutakata, hatutapigana, hatutakimbia. Kila mmoja atakaa kwenye njia ya kuingilia kihamba chake, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kimya, na jani la isale mkononi. Niliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Mdomo wangu huu!

Shida ilikuwa mume wangu. Alikuwa tarishi wa mangi, chifu wetu, na alishaambiwa kihamba chetu ndicho kitakachoanza, akate mwenyewe, wengine waone. Akikataa, jela.

"Baba watoto," nilimwambia, "kata mitatu tu ya pembeni, waridhike."

"Nawe ukiwa umekaa njiani, nitapitaje?"

Nikikaa, nampeleka mume jela. Nikiondoka, wenzangu nitawatazama kwa macho gani? Siku tatu nilimpikia huku namchukia yeye, najichukia mwenyewe, na Waingereza wote kwa jumla.

Asubuhi ile wakaja: bwana shamba, mangi, askari wawili, na mume wangu mbele ameshika panga. Nilikuwa nimeketi chini, miguu imekufa ganzi. Majirani walikuwa wamesimama kando ya njia, wananitazama mimi, wala si yule mzungu.

Nikamnyooshea mume wangu lile jani.

Kwetu ukiletewa isale hukatai. Hata aliyemuua ndugu yako akija nalo, unalipokea na kusamehe, na humwinulii tena mkono. Kila mtu pale alilijua hilo isipokuwa bwana shamba. Mume wangu alilitazama jani, akanitazama. Mangi akainamisha kichwa. Kisha mume wangu akaweka panga chini, akalipokea. Akavua kofia yake ya kazi, akampa askari.

Alifungwa miezi sita. Panga halikugusa mgomba wetu, wala wa jirani, maana kila kihamba walichofika walikuta mwanamke ameketi na jani lake. Baadaye amri ikafa kimyakimya. Wanawake waliniimba mpaka soko la Kiboriloni, nami nilikuwa nikirudi nyumbani nalia.

Alirudi amekonda. Nikampikia mtori, nikapiga magoti mbele yake.

"Pole, baba watoto. Lakini ulishanisamehe, sivyo? Jani ulilipokea."

Alikula mpaka akamaliza, akanawa mikono.

"Mbele ya watu wote wale ningefanyaje? Ulinifunga wewe kabla ya serikali," alisema, bila hasira, kisha akachukua kisu akaenda kupunguza majani makavu ya migomba.