Mzee Aliyezungumza na Gari

Kwa miaka tisa baba mkwe wangu hakuwahi kuniambia neno. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawagusani, hawapishani kwenye njia moja. Akitokea huku, wewe unashika kule. Familia nyingi zimeshaiacha mila hiyo, hata majirani zake pale Ibighi, Tukuyu, wanakula meza moja na wakamwana zao. Yeye, mzee wa kanisa, aliishikilia. Alimwambia mume wangu kwamba mwacha mila ni mtumwa. Mimi niliyezaliwa Singida nikabaki kujiuliza kama kweli ni mila, au mzee hakunipenda tu. Swali hilo liliniuma kuliko nilivyokubali kusema.

Juni iliyopita tulikodi Hiace, tukatoa viti vya nyuma, tukatandika godoro letu la nyumbani, tukapakia jiko la gesi na chupa za chai, tukaondoka Dodoma na binti yetu. Tulikuwa tukipika na kulala humo humo. Tulipofika Tukuyu mume wangu akaamua tumpeleke mzee Ikuti akamwone dada yake. Mzee akakaa mbele. Mimi nikajibanza nyuma kabisa, nimejitanda kanga hadi puani, binti yangu akinicheka.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mzee ana mbinu zake. Alizungumza na gari. "Gari hili lina baridi," alisema akitazama barabara, nami nikafunga dirisha. Baadaye gari likawa na njaa, nikapitisha maandazi kwa mkono wa binti yangu. Ilibidi niuume upindo wa kanga nisicheke.

Kabla ya kufika Ikuti tukakuta njia imezibwa. Lori lilisimama katikati, mbao zimeegemezwa nyuma yake, na wanaume kama kumi wakihangaika kumpandisha ng'ombe dume mweusi ambaye alikuwa ameuzwa lakini yeye hana habari. Mmoja alishika mkia, mwingine kamba ya pembe, wa tatu aliburuzwa kwa tumbo kwenye tope hadi migombani, akainuka anacheka. Kila dume alipowatupa, watu waliojaa ukingoni mwa shamba la chai walishangilia, na akina mama walikuwa wameshatua vikapu vyao ili waone vizuri. Sijui wao walikuwa upande gani. Mimi nilikuwa upande wa dume.

Mume wangu alitaka kugeuza gari, mzee akakataa. Alishuka na fimbo yake akaanza kuwaelekeza wale wanaume kwa sauti, kana kwamba walikuwa wakimngoja yeye. Nasi tukashuka, mlango wa nyuma tukauacha wazi. Mzee alipoenda kulia mwa gari, nilienda kushoto. Aliporudi kushoto, nikazungukia nyuma. Tukazungushana hivyo kama watoto wanaocheza kibemasa.

Ghafla kamba ikakatika na dume akaja moja kwa moja upande wetu. Mzee alikuwa amesikia hatua zangu, na kwa adabu yake alikuwa amenipa mgongo ili nipite. Mgongo huo huo alikuwa amempa na dume. Adabu ile ilikaribia kumuua.

Nilimkamata koti kwa mikono miwili, nikapiga kelele "Baba, ingia!" nikamsukuma ndani, nami nikaangukia miguuni pake. Pembe ilikwaruza ubavu wa gari tangu mbele hadi nyuma.

Kisha nikaona nilipomlaza. Alikuwa juu ya godoro ninalolala na mwanawe, kofia yake imeangukia kwenye sufuria. Nilikuwa nimemtazama, nimemshika, nimempigia kelele, na sasa nimemtia kitandani kwangu. Hakukuwa na mwiko uliobaki wa kuvunja.  Nje bibi mmoja alijishika mdomo. Nikajua kwamba leo nitapata jibu langu, na nikaliogopa.

Mzee akajiinua taratibu, akajifuta tope. Akanitazama. Sikuwa nimewahi kuyaona macho yake kwa karibu. Ni macho ya mume wangu.

"Umeumia, mwanangu?" aliniuliza.

Nikamjibu kwamba sijaumia.

"Ndaga fijo," akasema, asante sana kwa lugha yake. Akaiokota kofia yake. "Mwacha mila ni mtumwa. Lakini maiti hana mila."

Nikalia pale pale, sikujificha. Mume wangu alikuwa akiusikitikia ubavu wa gari uliokwaruzwa, nami moyoni nilikuwa nikimshukuru Mungu kwa lori, kwa tope, na kwa kamba iliyooza. Mwenye dume alikuwa ameleta jike kutoka zizini kwake, akampandisha kwenye lori, na dume akamfuata kwa upole kama mtu aendaye kanisani. Wale wanaume kumi hawakutazamana.

Tukaendelea na safari. Baada ya vilima viwili mzee akakohoa.

"Gari hili lina baridi," akasema.  Kisha akageuka mzima mzima kwenye kiti chake. "Mwanangu, nifungie dirisha."

Lilikuwa limeshafungwa. Nikalifungua kidogo, nikalifunga tena.