Namba Kumi na Saba

Usaili ulikuwa saa nne asubuhi, Pickering. Nilifika saa mbili na nusu, nikakaa garini nikirudia historia ya kampuni: karakana ya redio huko Uingereza, rada wakati wa vita, televisheni, kisha kuuzwa vipande vipande hadi kikabaki kitengo hiki cha Kanada. Niliihifadhi kama sura za madrasa. Tangu nihitimu uhandisi wa elektroniki niliomba kazi kila mahali, na hawa ndio wa kwanza kuniita.

Bosi, mama wa makamo, alinisikiliza nikiyamwaga yote mpaka mwisho. "Hayo yote yako kwenye tovuti yetu," alisema. "Wewe yanakuhusu nini?"

Nikamtaja Babu. Alikuwa fundi redio Tanga, na redio za kampuni hiyo alizifungua miaka mingi. Kila mfanyakazi wa kiwandani aligonga namba yake kwenye bati la ndani, na Babu akawajua kwa namba kama majirani. Nikaropoka: "Alikuwa akisema kumi na saba ana mkono mzito, anamwaga lehemu kama uji."

Bosi akaweka kalamu chini. "Mama yangu alikuwa akilehemu pale kiwandani, Uingereza. Namba yake siijui. Nitamuuliza."

Nyumbani Thornhill, Babu alicheka mpaka akavua miwani. "Umekwenda kuomba kazi ukamtukana mzazi wa mtu?"

"Si wewe uliyesema, Babu?"

"Mimi nilisemea Tanga, mjukuu wangu. Sikusemea mbele ya bosi."

Siku tatu sikutulia. Niliandika barua ya kuomba radhi mara sita, nikaifuta mara sita. Kama mama yake si kumi na saba, naomba radhi ya nini? Na kama ndiye, radhi itasaidia nini?

Siku ya nne ikaja barua pepe: "Mama anasema kumi na saba ni yeye, na msimamizi wake alimlaumu vivyo hivyo. Amecheka sana. Anza Jumatatu."

Nilimsomea Babu. Safari hii hakucheka. "Mwambie huyo mama," alisema, "kazi za kumi na saba zilikuwa mbaya kwa macho, lakini waya wake haukuachia hata mmoja."

Sijamwambia bosi bado. Naogopa atadhani najipendekeza.