Kondoo Mabegani

Wiki ya pili baada ya arobaini ya mke wangu, padri wa parokia yetu ya Kinyerezi alinipigia simu. Walitaka sanamu ya Mchungaji Mwema, ya kuweka kando ya altare. Nadhani alitaka tu mikono yangu isikae bure. Nikakubali, kama nilivyokuwa nakubali kila kitu siku zile: nikiletewa chakula nakula, nikiambiwa nikalale nalala.

Nilichonga kibandani kwangu Mwenge, kwenye gogo la mninga. Mchungaji alitoka bila shida. Sura za watu nazichonga tangu ujana. Aliyenishinda ni kondoo. Mie mtu wa Newala, kwetu ni korosho na muhogo. Kondoo nilimjua kwa kalenda ya parokia: mweupe, safi, amelala mabegani kama kitambaa. Nikamchonga hivyo. Katekista alipopita kuangalia, alizunguka gogo mara mbili, kisha akasema kwa upole kwamba yeye anaona mbwa.

Kesho yake nikaenda mnada wa mifugo, Pugu. Nilimkuta mtu wa Singida, rika langu, amesimama na kondoo wake kumi na kitu. Nikamweleza shida yangu. Hakucheka. Aliniuliza huyo mchungaji kambeba kondoo kwa nini. Nikamwambia alipotea, akamtafuta, akampata.

Akasema kondoo aliyepotea akapatikana mzima habebwi. Anaswagwa kwa fimbo arudi kundini. Anayebebwa ni yule asiyeweza tena kutembea. Na huyo hatulii. Anaogopa miguu ikiacha ardhi, anapiga mateke, anakukojolea. Ukimshika kwa huruma tu, anaanguka.

Nikamuuliza, sasa anashikwaje. Alimkamata kondoo jike mdogo, akaniambia niiname, akamweka shingoni mwangu na kunikabidhi miguu yake yote minne kifuani.

“Kaza,” alisema. “Kaza mpaka ajue humwachii.”

Nikakaza. Kondoo alinuka mkojo na majani. Tumbo lake lilikuwa la moto, na moyo wake ulidunda haraka nyuma ya shingo yangu. Nikakumbuka wiki za mwisho za mke wangu. Nyumba yetu ya Kinyerezi iko mlimani na bajaji haifiki mlangoni, kwa hiyo kila siku ya kliniki nilimbeba mgongoni mpaka barabarani. Alikuwa kapungua, mwepesi kama yule kondoo. Alinipiga ngumi za mgongo akisema namuumiza, nami nikazidi kumkaza, maana mvua ilikuwa imenyesha na njia inateleza. Sikuwa nimemwambia mtu.

Nilingoja machozi. Hayakuja. Nilisimama tu pale, na yule bwana akaniacha nisimame, hata mteja alipomwita hakwenda. Kondoo alipotulia nikamshusha, nikashukuru, nikaondoka.

Nilianza gogo jingine. Safari hii vidole vya mchungaji vilizama kwenye manyoya, mishipa ya shingo ikamtoka, kondoo akawa kafungua mdomo. Padri alipoiona sanamu aliuliza kama uso wa mchungaji ungeweza kulainishwa kidogo, waumini wapate faraja. Nikasema hapana. Sikuwa na hasira. Sikuwa na kitu. Wakaiweka hivyohivyo.

Jumapili iliyofuata mama mkwe alikuja kutoka Temeke. Baada ya misa aliitazama sanamu kwa muda mrefu, akaniuliza kondoo analia nini. Tulipotoka nje nikamweleza habari ya ule mlima, ngumi, na jinsi nilivyomkaza binti yake.

Alijifunga khanga upya, taratibu.

“Alinipigia simu akilalamika juu yako,” alisema. “Nikamwambia amwite yule jirani yenu mwenye nguvu. Akakataa. Akasema, mama, huyo ataniangusha.”

Sikulia hata siku ile. Nilimsindikiza mpaka kituoni, akapata gari, nikapanda mlima kurudi nyumbani.