Anaumaga: Lini?

Kwetu Bunda, mtoto akifanya jambo mara mbili, tayari ana tabia. Tunamwongezea "-ga" mwishoni mwa kitenzi na kesi imekwisha: anapigaga, anatorokaga, analiaga. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema hivyo kila siku bila kujitambua. Binti mmoja wa darasa la pili, kwenye kitengo chetu cha elimu maalumu pale Manyamanyama, alikuwa na neno lake: anaumaga.

Alikuwa na miaka tisa, hasemi karibu chochote, analelewa na bibi yake, mkulima wa pamba. Wazazi watatu walikuwa wameleta watoto wao ofisini kuonyesha alama za meno. Kamati ya shule ikatoa muda hadi mwisho wa muhula; kama hakuna badiliko, arudishwe nyumbani. Shule nyingine yenye kitengo kama chetu haikuwa karibu. Kurudi nyumbani maana yake ilikuwa kuacha shule.

Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka Musoma, kwenye mafunzo ya siku mbili huko Kigera, ambako tuliwekewa kwenye simu programu ya kufuatilia mwenendo wa mtoto. Mtoto anaingizwa kwa namba, si kwa jina. Kila tukio lina visanduku vitatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Saa inajiandika yenyewe.

Nikamwonyesha mwalimu msaidizi wangu, mama wa makamo aliyezaliwa Buswahili, upande wa Butiama, kwa sababu ndiye aliyekuwa na watoto muda wote. Baada ya wiki nikafungua kumbukumbu. Maingizo manne, yote sawa. Kilichotangulia: "anaumaga." Alichofanya: "ameuma kama anavyoumaga." Kilichofuata: "nimemgombeza."

"Mama, hii haitusaidii," nikamwambia. "Anaumaga lini?"

"Si kila siku, mwalimu?"

"Jana aliuma?"

Akafikiri. "Jana hapana."

"Juzi?"

"Juzi alikuwa na mafua, alilala tu." Akaanza kucheka. "Jamani, nimemsingizia mtoto wa watu!"

Tukakubaliana: "-ga" marufuku darasani mpaka muhula uishe. Watoto wakapata mchezo. Nikiteleza tu na kusema "mnachelewaga," darasa zima linanikatiza: "Lini, mwalimu?"

Kuanzia hapo msaidizi wangu akawa anaandika alichokiona tu. "Foleni ya uji. Mwenzake amemvuta mkono. Ameuma." "Anachora. Jirani amemchukulia penseli akamhamishia mkono mwingine. Ameuma." Nilikuwa nayasoma baada ya masomo. Niliona mkono unajirudia, lakini sikuelewa. Watoto huvutana mikono kutwa nzima.

Aliyeelewa ni msaidizi wangu. Mchana mmoja nikakuta ingizo hili: "Anapokea uji kwa kushoto. Mimi nimemshika huo mkono nikamwambia huna adabu, pokea kwa kulia. Ameniuma mimi."

Nilimkuta jikoni anaosha kiganja, alama za meno zimekaa wazi. Hakuna mtu mzima mwingine aliyekuwapo. Angeweza kuandika kwamba mtoto amemng'ata mwalimu bila sababu, na binti angeondoka wiki hiyohiyo.

"Mwalimu, huyu ni mashoto," akasema. "Kwetu mkono wa kushoto haupokei kitu, haumsalimii mtu mzima. Watoto wanamrekebisha, na mimi namrekebisha. Maneno ya kutukataza hana. Ana meno."

Katika miaka yangu yote ya ualimu sijajivunia mwenzangu kama nilivyojivunia mchana ule.

Kesho yake tukawaeleza watoto. Mmoja akanyoosha kidole. "Kwa hiyo wa kushoto ndio wake wa kulia?"

"Wa kulia uji, ndiyo," msaidizi akajibu, na darasa likacheka. Hawakumvuta tena. Tuliendelea kuandika kila siku, na hadi muhula unaisha tulikuwa na ingizo moja tu jipya la kuuma, siku alipohamia mwanafunzi ambaye hakuwa ameambiwa.

Kamati ikakaa. Mzazi mmoja alianza na lilelile: "Tatizo huyu binti anaumaga."

Msaidizi wangu, ambaye vikaoni hukaa kimya, akasimama na simu mkononi. "Samahani, baba. Lini?"

Msaidizi akasoma tukio moja baada ya jingine, siku na saa, kilichotangulia na kilichofuata. Alipofika kwenye lake hakuliruka. Alilisoma lote, hadi lile neno la adabu, mbele ya wazazi na mbele ya bibi wa mtoto. Nilikaa pale nikiwa nimevimba kichwa kana kwamba ni mimi ninayesoma.

Bibi alikuwa mwisho wa benchi. Aliongea taratibu, Kiswahili chake kikichanganyika na lugha ya nyumbani.

"Mimi huo mkono nilikuwaga naufunga na kitambaa wakati wa kula. Nilidhani namlea." Akamtazama mwenyekiti. "Kwa hiyo nisimfunge tena?"

"Usimfunge, bibi," mwenyekiti akasema. Kisha akamgeukia katibu. "Andika, mtoto anabaki."